Ncha za nywele zinapasuka: soma unywele kabla hujashika mkasi

"Shikamoo anti. Ile dawa ya kuziba ncha ipo?"

Jumamosi moja mteja aliingia saluni na swali hilo, hata taulo begani sijamwekea. Alipovua ushungi nikaona nywele za mawimbi zinazogusa kiuno, nyeusi, zimejaa vizuri shinani. Lakini kuanzia katikati ya mgongo kwenda chini zilikuwa zimepungua mpaka zimebaki mkia wa panya, na ukipitisha vidole zinakwaruza. Nikachukua unywele mmoja ulionasa kwenye chanuo, nikaulaza kwenye sahani nyeupe, tukasogea nao mlangoni penye mwanga.

Ncha ilikuwa imegawanyika mara mbili, kama alivyosema. Ila sentimita 20 na ushee kutoka nchani, kwa juu, palikuwa na doa jeupe dogo kama punje ya chumvi. Nikashika pande zote mbili nikavuta taratibu. Ukakatikia palepale kwenye doa.

Alikuja na shida ya ncha, kumbe shida iko katikati. Hili naliona karibu kila wiki, ndiyo maana huwa siuzi chupa wala sikati kitu kabla sijajua unywele umekatikia wapi na kwa umbo gani.

Kwa nini mpasuko hauungiki

Unywele ukishatoka nje ya ngozi ya kichwa hauna uhai. Hauna damu wala mishipa, kwa hiyo haujifungi kama kidonda. Kwa nje umevikwa magamba membamba yaliyopandana kama vigae vya paa, yote yakielekea nchani. Ndani mna nyuzi za protini inayoitwa keratini, zimebanwa pamoja mfano wa kamba ya katani. Sisi wa Tanga hatuhitaji kuchorewa: kata kamba ya katani, iache ncha bila kuifunga, iburute chini wiki moja, uone inavyofumuka. Magamba ya unywele yakisuguliwa mpaka yakaisha, nyuzi za ndani zinakosa wa kuzishika.

Na ncha ndiyo sehemu nzee kuliko zote. Nywele hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Za singa huzidi kidogo, za kipilipili hupungua kidogo. Nywele za sentimita 70, zile za kufika kiunoni, nchani zina karibu miaka 6. Ncha hiyo ni rika la mtoto anayeanza darasa la kwanza, na katika miaka yote hiyo imeoshwa, imechanwa, imefungwa na kulaliwa.

Chupa za kuziba ncha nyingi zina silikoni. Inaufunika unywele kwa utando laini na kuzigandisha pande mbili za mpasuko. Ukiosha, zinaachana tena. Sisemi ni utapeli. Mimi mwenyewe nazipaka nikienda harusini. Ila ujue unanunua gundi ya muda.

Hakikisha kwanza kama ni ncha

Osha nywele, tia kondishena, suuza, ziache zikauke bila kupaka mafuta mazito, kwa sababu mafuta hulaza ncha zikaonekana nzima. Kaa penye mwanga wa mchana. Chukua fungu lenye unene wa kidole, lisokote toka juu hadi chini. Nywele nzima zitajilaza ndani ya msokoto. Zilizokatika na kupasuka zitachomoza pembeni kama miiba.

Kisha angalia zilizoanguka sakafuni au zilizobaki kwenye chanuo. Unywele mrefu wenye kijifundo cheupe upande mmoja umetoka na shina lake. Huo umemaliza muda wake tu, na kichwa chenye afya hupoteza nywele kama 50 hadi 100 za namna hiyo kwa siku. Vipande vifupi visivyo na kijifundo chochote ndivyo vimekatika.

Hapa ndipo wanaotoka kwenye rasta hupatwa na hofu. Ukikaa na rasta wiki 6, nywele zilizong'oka zenyewe hazina pa kwenda, zinabaki zimenasa ndani ya msuko. Siku 42 mara 50 ni 2,100. Mara 100 ni 4,200. Ukifumua zikatoka zote kwa mpigo, bonge lake linaweza kumliza mtu, na wala hajakatika hata unywele mmoja. Tafuta vijifundo vyeupe kabla hujalia.

Ncha yenye umbo la Y

Hii ndiyo ya kawaida. Ncha imegawanyika mara mbili, mpasuko ni mfupi, na juu yake unywele uko sawa. Sababu ni umri na msuguano wa kila siku: kola ya nguo, mkanda wa mkoba, mto wa pamba, taulo.

Kata nusu sentimita hadi sentimita 1 juu ya mpasuko. Usikate pale pale unapoishia, maana nyuzi za hapo zimeshalegea na utarudi kwenye Y nyingine baada ya wiki chache. Kisha punguza msuguano. Taulo lisisugue, likamue tu kwa kukandamiza. Fulana kuukuu ni bora zaidi. Usiku funga nywele kwa kitambaa cha satini. Najua wengi tunalala na khanga kichwani, nami nimelelewa hivyo, lakini khanga ni pamba: inanyonya mafuta na inakwaruza. Kipande cha bitana laini kutoka kwa fundi cherehani kinatosha, si lazima ununue kofia ya dukani.

Ncha kama ufagio

Unywele umechanuka matawi matatu, manne, au umetoa matawi upande mmoja kama unyoya. Huu umeshapita hatua ya Y, na ukiona mingi ya namna hiyo jua ncha zimekaa muda mrefu bila kuguswa au zimepigwa moto na dawa mara kwa mara. Hapa usihesabu milimita. Sentimita 3 hadi 5 ziende. Mpasuko hauna desturi ya kusimama. Ukiuachia unapanda juu, na unachokiokoa leo utakikata mara mbili baadaye.

Doa jeupe katikati ya unywele

Hii ndiyo dalili wengi hawaijui, ndiyo maana nitakaa nayo. Lile doa ni mahali magamba yameisha kabisa na nyuzi za ndani zimechanuka kwa pande zote, kama brashi mbili zilizosukumiana manyoya. Unywele bado haujakatika, lakini umebakiza kidogo. Wakati mwingine badala ya doa unaona kitundu kirefu kama tundu la sindano: unywele umepasuka katikati, juu na chini bado umeungana. Yote mawili kutibu ncha hakusaidii, kwa sababu kilichoharibika kiko juu zaidi.

Uliza kwanza: madoa yamekaa usawa mmoja au yametapakaa?

Yakikaa usawa mmoja, tafuta kinachobana hapo. Huyu mteja wangu anaoga alfajiri, anaosha nywele, anazikunja fundo zikiwa zinachuruzika, anafunga mpira mwembamba mizunguko mitatu, anavaa kofia ya ndani, kisha ushungi, anakwenda kazini. Jioni anafungua bado zina unyevu. Unywele uliolowa huvimba, hulegea na kuvutika kuliko mkavu. Ukiubana hivyo unakatwa polepole na mpira, kila siku mahali palepale. Nilimwambia afunge mpira nywele zikiwa wazi, nikaweka kidole pale mpira ulipokaa. Kidole kikawa kwenye usawa wa doa, hakikukosea hata upana wa kucha.

Tiba yake haina gharama. Osha usiku au siku ya mapumziko, nywele zikauke kabla ya kufunikwa. Kama lazima uoge alfajiri, vaa kofia ya kuogea. Badili mahali pa fundo: leo kisogoni, kesho juu zaidi, keshokutwa msuko mmoja uliolegea. Mpira mwembamba, hasa wenye kiungo cha chuma, utupe. Tumia mpira mpana wa kitambaa. Na kofia ya ndani ya pamba ishonee bitana ya satini.

Madoa yakitapakaa kichwa kizima bila mpangilio, mshitakiwa wa kwanza ni moto. Ukipiga pasi nywele zenye unyevu, maji yaliyo ndani ya unywele yanageuka mvuke ghafla, hayana pa kutokea, yanapasua mapovu ndani kwa ndani. Ule mlio wa chsss tunaoufurahia kama kitunguu kwenye mafuta ndio mlio wa nywele kuharibika. Nywele ziwe kavu kabisa, pasi isizidi nyuzi joto 180, pita mara moja, na isiwe kila siku. Kitana cha moto cha kupashia kwenye jiko la mkaa hakina kipimo, kwa hiyo kijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe: karatasi ikibadilika rangi, kitakuunguza wewe pia.

Mshitakiwa wa pili ni chanuo. Chukua chanuo lako la plastiki, pitisha kucha katikati ya meno. Ya bei rahisi mengi yana ukingo mwembamba pale kalibu zilipokutana kiwandani, mkali kama wembe butu. Kila ukichana, ukingo huo unaparua magamba. La mbao nalo likiwa na kibanzi ni lile lile. Tafuta lenye meno mapana yaliyolainishwa, anzia nchani, fungua mafundo, panda juu kidogo kidogo. Kuanzia shinani kwenda chini ni kukusanya mafundo yote pamoja kisha kuyang'oa.

Vifundo vidogo visivyofunguka

Hii ni ya nywele za kipilipili zisizo na dawa. Unywele mmoja umejipiga fundo wenyewe, ukipapasa unahisi kama kichwa cha pini. Sio mpasuko, ila ukivuta fundo kwa chanuo utaufanya mpasuko. Nywele zinazojikunja haziruhusu mafuta ya ngozi kuteremka hadi nchani, na kila kona ya mkunjo ni mahali dhaifu, ndiyo maana ncha zake hukauka mapema.

Kata fundo lenyewe tu, juu yake kidogo. Ili yasirudi kwa wingi, nywele zikae zimenyooshwa bila moto, na hapo bibi zetu walishatuwekea dawa: kusuka kwa uzi. Siku mbili za uzi zinanyoosha nywele vizuri tu bila umeme wala harufu ya kuungua. Vijana wanacheka wakiona nyuzi zimesimama kama antena. Wacheke.

Zinakatika pale dawa ilipoanzia

Nywele za dawa zikikatikia karibu na ngozi, kwenye mpaka wa ukuaji mpya na nywele za zamani, usimlaumu mkasi. Mara nyingi dawa imepakwa juu ya nywele zilizokwisha kupata dawa. Rilaksa, yaani dawa ya kunyoosha nywele, hufanya kazi kwa kuvunja viungo vya ndani ya unywele, na ukiuvunja mara ya pili na ya tatu unabaki hauna kitu. Ritachi, yaani dawa ya kurudia, ipakwe kwenye nywele mpya tu, tena baada ya wiki 8 hadi 12, na nywele za zamani zilindwe kwa kondishena au mafuta ya mgando. Rangi ya kupausha juu ya dawa ni kutafuta balaa.

Jaribio ninalolifanya: chukua unywele mmoja uliolowa, uvute polepole. Wenye afya huvutika kama theluthi ya urefu wake kisha hurudi. Ukivutika kama ubani wa kutafuna na usirudi, protini imepungua. Fanya stimingi ya protini, punguza kemikali. Ukikatika papo hapo bila kuvutika, umekauka. Unataka maji na kondishena. Usiupe protini unywele wa aina hii ya pili, utazidi kuwa mkakavu.

Ncha zimechakaa baada ya kufumua

Tuseme ukweli wa saluni zetu: ncha nyingi hazipasuki kwenye kusuka, zinakatwa kwenye kufumua. Mfumuaji ana haraka, anakata rasta kwa wembe bila kujua nywele zako zinaishia wapi. Siku ya kusuka pima urefu wa nywele zako juu ya mwili, kwa mfano zinafika begani, umwambie mfumuaji asikate juu ya hapo. Kabla ya kuchana, paka kondishena na kunyambua kwa vidole ule uchafu uliojikusanya shinani. Ukiuchana mkavu utaondoka na nywele.

Bahari na maji ya kisima

Huku pwani visima vingi vina maji magumu, na sabuni haitoi povu. Madini hubaki juu ya unywele, ukakauka na kukwaruza hata kama unapaka mafuta kila siku. Suuza ya mwisho tumia maji ya mvua uliyokinga. Ukienda kuogelea, lowesha nywele kwa maji baridi yasiyo na chumvi kabla hujaingia baharini. Unywele ulioshiba hunywa chumvi kidogo. Ukitoka suuza, usisubiri ikaukie juani.

Kuhusu mafuta, na mayai

Mafuta ya nazi yana sifa ya kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 uliyalinganisha na mafuta ya alizeti na yale ya madini, ukaona ya nazi ndiyo yaliyopunguza upotevu wa protini wakati wa kuosha, kwa kuwa yanapenya ndani ya unywele. Paka usiku wa kuamkia siku ya kuosha, kuanzia nusu ya nywele kwenda chini. Ya nyonyo ni mazito, yanafunika. Yafaa nchani baada ya kuosha, tone mbili tu.

Yai bichi liache likaangwe. Protini yake ni kubwa mno kuingia ndani ya unywele. Na ukisuuza kwa maji ya moto linaiva kichwani. Nimewahi kumtolea mteja vipande vya yai kwa kitana cha mkia nusu saa nzima.

Mkasi, na hesabu yake

Mkasi wa karatasi, wa jikoni, wa fundi nguo, hapana. Mkasi butu haukati unywele, unauponda, na ncha iliyopondwa hupasuka ndani ya siku chache. Kosa hili nimelifanya kwa nywele zangu mwenyewe, mkasi wa nywele ulipopotea nikaokota wa droo. Mwezi uliofuata nilikata tena. Jaribu mkasi kwa kukata karatasi laini ya chooni iliyolowa: ukikata safi unafaa, karatasi ikijikunja katikati ya makali upeleke kwa mnoaji.

Usikate kwa kalenda, kagua kwa kalenda. Kila wiki 8 fanya ule msokoto. Ukichomoza miiba michache, kata hiyo tu na uache urefu. Kukata sentimita 3 kila miezi miwili, wakati nywele zinarefuka sentimita 2 katika muda huo, ndiko kunakowafanya watu waseme nywele zangu hazikui. Zinakua. Zinaishia kwenye sakafu yangu.

Yasiyo ya msusi

Nywele zikikatika kwa mabaka, ngozi ina magamba au inawasha, hasa kwa mtoto, hayo yaweza kuwa mapunye na yanataka dawa ya hospitali. Zikinyonyoka pembeni mwa paji kwa kusukwa kwa kuvutwa, legeza misuko sasa, maana shina likishakufa haliotei tena. Na zikitoka na mashina kwa wingi miezi michache baada ya kujifungua au homa kali, hilo siyo la ncha. Nenda kwa daktari akakupime damu.

Yule mteja nilimkata sentimita 4, si zile 20 alizoziogopa. Nywele zenye doa zinakatika zenyewe taratibu, na tukakubaliana kupunguza kidogo kidogo kila miezi mitatu mpaka usawa ule uishe. Mpira aliuacha mezani kwangu. Chupa ya kuziba ncha aliichukua vilevile. Kuna harusi Pangani mwisho wa mwezi.